Mpishi Aliyehamia Bondeni

"Sasa amefungua barua," Aloys alisema. "Mikono inamtetemeka. Amekaa kitandani. Hapana, amesimama tena. Huyu binti hajui kutulia."

Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Mbele yake ilikuwapo televisheni, na pembeni kiti cha mama yake, ambacho kilikuwa kitupu tangu wiki moja kabla ya Pasaka ya mwaka jana, alipozikwa.

Miaka tisa bibi kizee huyo alikaa katika kiti hicho bila kuona. Ugonjwa wa macho ulimzimia jicho moja, kisha la pili, na Kifaransa cha televisheni hakukijua hata alipokuwa akiona. Kwa hiyo kila jioni, umeme ukiwapo, Aloys alirudi kutoka shuleni alikofundisha jiografia, koo likiwa kavu kwa vumbi la chaki, akaanza kazi yake ya pili: kumwonyesha mama yake dunia kwa mdomo. Amevaa nini huyo? mama aliuliza. Ni mnene? Anacheka kwa kweli au kwa adabu? Mama alipofariki, moyo wa Aloys ulipata habari, mwili ukapata habari, lakini mdomo ni kama haukuambiwa. Uliendelea na kazi.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa na hakuwa ameoa. Si kwamba aliapa. Kwanza alingoja vita vitulie, kisha akangoja mama apone, na mtu akizoea kungoja, kungoja kwenyewe hugeuka kazi ya kudumu. Harusini walimkalisha na vijana wa kwaya, mwaka baada ya mwaka, mpaka vijana wakaoa na kumwacha pale na wadogo zao. Televisheni ilikuwa na heri moja kuliko ndugu: haikumuuliza lini. Ilikuwa na kasoro zake, bila shaka. Watu wake walifunga midomo kabla maneno hayajaisha, maana sauti za Kifaransa zilibandikwa juu ya midomo ya nchi nyingine. Walilala na poda usoni na kuamka nayo. Hakuna aliyefua nguo, hakuna aliyechota maji, ila wote walikuwa na wakati wa kulia. Na kila dakika kumi tangazo lilimsifia sabuni ya watoto wachanga, yeye mtu wa sahani moja na kijiko kimoja. Hata hivyo walifika kila siku kwa saa yao, na hawakuhitaji kupikiwa chai.

Jioni hiyo ya barua ilikuwa Jumapili. Dada yake mdogo, Marcelline, alikuwa amepanda ngazi za udongo kutoka barabara ya Nyawera, akafika mlangoni akihema, akasikia. Aliingia bila kubisha.

"Yaya, kaka yangu, unasema na nani?"

Aloys aligeuka. "Sisemi na mtu. Naangalia tu."

"Nilisikia. Nilisimama pale inje, nikasikia." Marcelline alikaa katika kiti cha mama, jambo ambalo Aloys hakuwa amelitazamia, akaweka mkoba magotini. "Mama iko kwa kaburi, yaya. Watu ya mutaa watasema kichwa yako imeharibika. Njo vile upweke inafanyaka mutu."

"Ni mazoea, Marcelline. Wengine huvuta sigara."

"Sigara haiogopeshe wageni." Akashusha sauti kama anayetoa zawadi. "Siku ya mungu, Jumapili yenye inakuja, nitakuletea Ornella wa kwaya. Ni mutu wa heshima, anajua kupika sombe, hana kelele. Sasa akikukuta unahubiria televisheni, atashuka hii kilima mbio. Unipe neno yako. Utanyamaza."

Aloys alimtazama dada yake, miguu iliyovimba kwa kupanda, kitambaa cha kichwa kilichokaa upande. Aliona kuwa naye alikuwa amechoka: amechoka kumbeba kaka kama mzigo ambao hakuna soko linaloupokea. Akampa neno.

Jumatatu aliangalia kimya. Picha zilipita machoni kama basi lisilosimama. Binti alilia, lakini Aloys hakujua kwa nini. Ilibainika kwamba kwa miaka yote ile hakuwa akiona kitu mpaka akiseme. Jumanne alikula ugali huku amekaza taya, asije akateleza. Jumatano umeme ulikatika na yeye akashukuru. Usingizi ulimchukua kabla ya saa mbili, viatu vikiwa bado miguuni.

Alhamisi, jua likiwa halijazama, mlango ulibishwa.

Alikuwa Feza, fundi cherehani wa nyumba ya pili, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa Uvira, Waislamu ambao babu zao walitoka pwani, na ndoa yake ilipovunjika alirudi kuishi katika nyumba aliyoachiwa na baba yake. Kati ya nyumba yake na ya Aloys kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Kwa miaka tisa walisalimiana vizuri, na mara moja Aloys alimwazima ngazi.

"Prof," alisema, kama watu wa huko wanavyowaita walimu wa sekondari. Alibaki kizingitini. "Samahani. Wewe ni mgonjwa?"

"Mimi? Hapana, mama. Karibu."

"Hapa panatosha." Akautazama utepe wake, akauzungushia kidole. "Basi niambie tu. Ile barua ilisema nini?"

Aloys hakuelewa. Kisha akaelewa, na akatamani ardhi ya kilima, ambayo kila msimu wa mvua huporomoka bila kuombwa, iporomoke sasa.

"Unasikia?"

"Mbao hizi? Nasikia mpaka unavyopiga chafya. Mimi sina televisheni, Prof. Naweka kitambaa kwenye mashine, nakanyaga, nasikiliza. Tangu mama yako akiwa hai. Jumapili umesema amefungua barua, mikono inatetemeka, halafu kimya. Siku nne! Nimeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia."

Aloys alicheka kabla hajajizuia. Kicheko kilitoka na kutu.

"Na yule mpishi mzee?" Feza aliuliza, taratibu zaidi. "Bado analima?"

Kicheko kikakatika. Katika tamthilia hiyo kulikuwa na mpishi, bibi mwenye ulimi mkali, ambaye mama yake alimpenda kuliko wote. Miaka mitatu iliyopita mpishi alianguka jikoni akafa. Mama siku hizo alikuwa amelazwa hospitalini na kutolewa, hajala vizuri, na Aloys alipofungua mdomo kutamka kifo akajisikia akisema kwamba mpishi ameacha kazi, amehamia bondeni kwa dada yake. Bondeni kama Luvungi? mama aliuliza. Kama Luvungi, alijibu. Analima mihogo. Baada ya hapo ilibidi uongo ule ulishwe kila mwezi: mpishi kaleta salamu, mpishi kapata mavuno, mpishi kaumwa mgongo kidogo.

"Yule mpishi alikufa, Feza," alisema. "Zamani."

"Najua. Wateja wangu wanaangalia. Walinisimulia mazishi yote, wakati huohuo wewe huku unamlimisha mihogo." Akaufungua utepe kidoleni. "Na mama yako alijua."

"Hakujua. Nani angemwambia?"

"Nilikuwa namtoa nje aote jua ukiwa shuleni. Siku moja aliniambia: Feza, macho yamekufa, masikio bado. Nilisikia kengele, nikasikia watu wanalia kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mwanangu ananiambia mtu ameenda shamba. Nilimuuliza, mbona hukumkatalia? Akasema: mwache. Akinidanganya, sauti yake haichoki."

Aloys alishika mwimo wa mlango. Chini, kuelekea sokoni, pikipiki zilikuwa zikipiga honi, na mtu mmoja alikuwa akiita bei ya nyanya za mwisho. Alidhani kwa miaka ile yote alikuwa amembeba mama yake. Sasa alimwona ameketi pale, kichwa kimeinama kidogo, akiuliza kwa upole mihogo imefikia wapi, mkono wake chini ya mzigo uleule.

"Alinikataza nisikuambie," Feza alisema.

"Mbona umeniambia?"

"Kwa sababu umenyamaza." Akavuta mtandio, akageuka. "Sitakuchosha zaidi."

Kesho yake, mapumziko ya saa nne, Aloys alisimama nyuma ya darasa akampigia dada yake.

"Mwambie Ornella asipande kilima bure," alisema. "Ni mtu wa heshima. Anastahili mtu anayemngoja. Mimi simngoji."

"Na ile neno ulinipa?"

"Nakurudishia, Marcelline. Linanishinda."

"Utazikwa na televisheni yako," Marcelline alisema, lakini hakukata simu. Baadaye aliuliza kama ana unga, na Aloys akasema anao.

Jioni umeme ulikuwapo. Aliwasha, akakaa, akasafisha koo. Ng'ambo ya mbao cherehani ilikuwa ikikimbia. Alijisikia mjinga kuliko siku zote, kwa sababu sasa alijua kwamba anasikika.

"Kumbe barua ilitoka kwa baba yake," alianza. "Anataka arudi. Binti ameingia jikoni. Ukutani kuna picha." Akageukia mbao. "Ni picha ya yule mpishi. Ina utepe mweusi pembeni. Hakuhamia popote. Alianguka hapohapo, karibu na jiko, na binti alimshika kichwa mpaka mwisho."

Cherehani ilinyamaza.

"Mungu amrehemu," sauti ya Feza ilisema kwa uwazi, kama vile mbao hazipo.

"Amina."

Likaja tangazo la sabuni. Mtoto mnene asiye na nywele aliogeshwa, akacheka, akafungwa taulo. Aloys hakuwahi kusimulia matangazo. Alikuwa akiyatumia kunywa maji. Alinyanyua kikombe.

"Na wewe, Prof?"

"Mimi nini?"

"Leo ilikwendaje?"

Kikombe kilibaki njiani. Aliutazama ukuta, mafundo ya mbao na misumari iliyopinda, akajaribu kukumbuka ni nani aliyewahi kumuuliza hivyo na akangoja jibu. Alipunguza sauti ya televisheni mpaka watu wake wakabaki wanafungua na kufumba midomo tu.

"Leo," alisema, akitafuta siku yake ilianzia wapi. "Leo asubuhi kulikuwa na ukungu."

Cherehani haikulia. Alisikia kigoda kikivutwa karibu na mbao.