Nusu ya Kichwa cha Mama

Nusu moja ya kichwa cha mama ilikuwa imesukwa, nusu nyingine nywele zimesimama ovyo, na aliyekuwa akicheka chini ya vidole vya Keji alikuwa mama yangu mimi. Nilisimama uani pale kijijini Ludara na mfuko wa sukari na sabuni kutoka Arua. Hakuna aliyegeuka.

Keji alikuwa jirani mpya, amevuka mpaka kutoka Sudani Kusini na wanawe wawili. Kibari chake na Kikakwa cha mama vinasikilizana, na walipopiga soga haraka haraka, mimi niliyekulia mjini Arua, mtaa wa Awindiri, niliachwa nyuma. Mguu wa mama ulipovimba, Keji ndiye aliyeukanda. Nilipaswa kushukuru. Nilimwonea wivu hadi mate yakawa machungu.

"Annet, njoo uonje," mama aliniambia kwa Kikakwa, akinisogezea bakuli. "Majani ya kunde ya Keji hayana mfano. Ya kwako huwa unayaharakisha."

Basi, nikapandwa na hasira. Matusi ya Kikakwa sina, lugha hiyo nilifundishwa mgongoni mwa mama. Nikatumia Kiswahili cha sokoni.

"Wewe mukimbizi, nani alikuita hapa? Rudi kambi yako ukapange layini ya posho!"

Keji alichomoa kitana kwenye nywele za mama, akakifuta kwa kitenge chake, akaondoka.

Mama alinitazama. Mwaka wa themanini sisi ndio tuliokimbilia kwao. Nilizaliwa huko, chini ya turubai, na jina hilo hilo la mkimbizi ndilo mama aliloitwa kisimani. Nilijua. Sikuwa nimesahau hata kidogo nilipolitamka, na ndiyo maana nililichagua.

Niliketi nyuma yake nimalizie kusuka. Akajifunga kitambaa kichwani.

"Wacha," akasema, kwa Kiswahili. "Iko sawa."

Mwaka umepita. Keji alihamia Abuku. Kila Jumamosi nakwenda Ludara, napika kunde polepole, na hakuna tena anayegawana nami mama. Namsemesha kwa Kikakwa, ananijibu kwa Kiswahili, kile kile anachowajibia wachuuzi wa samaki. Jana nilimwuliza kama chakula kimemfaa.

Alimaliza bakuli lote, akanawa mikono.

"Chakula iko muzuri," alisema. "Asante, madamu."