Tishu Chini ya Kila Kiungio

"Ndege yako bado haijaruka tu?" mume wangu aliniuliza, akivua buti mlangoni.

Ndege ni kompyuta yangu. Niliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa kusoma, kuharibu na kusoma tena. Kazi yangu ni kuchora nyumba ambazo hazijajengwa, nayo inazigeuza kuwa picha unazoweza kudhani zimepigwa kwa kamera. Kazi hiyo huitia joto kali, na feni zake zikishika kasi hupiga mluzi chumba kizima. Tuna vyumba viwili. Sebuleni ndiko tunakopikia, na mvuke na mafuta si rafiki wa mashine, kwa hiyo inakaa chumbani, karibu kabisa na kitanda.

Yeye huendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, ghalani, shifti ya usiku, na mchana ndio usiku wake. Ila alikuwa hapati usingizi tena. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kumenya vitunguu, na usiku uliopita aligonga rafu ya mizigo, maboksi yakaporomoka.

"Siku moja nitamkanyaga mtu," alisema. Hakuwa anatania, naye ni mtu wa utani. "Ni hizo feni, bibie."

Nilipunguza kasi ya feni; mashine ikapandwa na homa, ikajizima katikati ya picha. Nilijaribu kufanya kazi usiku akiwa hayupo. Picha kubwa zikaendelea kuiva mpaka mchana. Ikabaki njia moja niliyokuwa naikwepa, kupoza kwa maji. Pampu ndogo huyasukuma maji kwenye mipira, yakapita juu ya prosesa na kadi ya picha, yakabeba joto hadi kwenye rejeta, yanakopoa. Haina makelele. Lakini kiungio kimoja kikivuja, kadi imekwenda, na nusu ya riziki yetu imo mle ndani.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni fundi magari. Alikuja kuona vifaa nilivyonunua, akacheka.

"Shemeji, gari linakimbia na maji tumboni miaka nenda miaka rudi, sembuse hiki kisanduku kilichokaa tu?"

"Gari likivuja unaongeza maji. Hiki kikivuja unakizika."

"Woga huo. Maji na umeme ni kama wake wenza. Ukiwajengea ukuta mzuri katikati, wanaishi."

"Wewe una mmoja na anakushinda."

"Ndiyo maana najua habari za ukuta."

Alinisaidia kukaza viungio, akaenda zake. Sikuwasha. Nilivyojifunza ni kwamba kompyuta yote inabaki imezimwa, pampu peke yake inapewa umeme, tishu inatandikwa chini ya kila kiungio, kisha maji yanaachwa yazunguke kutwa. Tishu ikilowa, umejua kabla hujalia. Nilimwomba mteja anivumilie siku moja.

Siku hiyo mume wangu alirudi, akanywa chai, akapanda kitandani. Mimi nikakaa sakafuni na tochi. Sikuwahi kukijua chumba kile kikiwa kimya namna hiyo mchana. Pampu ilisikika kama mtu anayepumua chumba cha pili. Nikamulika kiungio cha kwanza, kikavu. Kilichofuata, kikavu. Nikainua kichwa niuone usingizi wake, maana huo ndio niliokuwa nimeununulia vifaa vyote vile.

Alikuwa anatazama dari.

"Hujalala?"

"Nimelala."

"Macho wazi?"

"Sungura hulala hivi."

Nikamwacha. Huenda mwili umesahau, nikajiambia. Bawaba yenye kutu haifunguki kwa msukumo wa kwanza. Adhuhuri nikamulika tena. Tishu zote kavu. Yeye alikuwa amegeukia ukutani, vidole vikikunja na kukunjua ncha ya shuka.

"Iwashe," alisema bila kugeuka.

"Nini?"

"Ndege. Kimya hiki kinanila."

Nilizima tochi, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Sikumuuliza kitu. Ukimuuliza anakupa mzaha.

"Kuna karani wa mizigo tunamwita Kengele," alisema hatimaye. "Usiku mmoja nilirudi nyuma na foklifti bila kutazama. Nikahisi kitu laini. Nikasimama. Alikuwa kati ya foklifti na ukuta, shati limebanwa, yeye mzima. Tukacheka. Tulicheka mpaka machozi, na hakumwambia mtu."

"Ulikuwa na usingizi."

"Hapana." Akageuka, akanitazama. "Siku hiyo nilikuwa nimelala vizuri kabisa. Hilo ndilo linaloniua. Usingizi ulinikimbia baada ya hapo. Feni nilizisingizia tu, kwa kuwa feni zina dawa."

Nilitafuta hasira, sikuiona.

"Na ile rafu?"

"Kila nikirudi nyuma, namwona yupo."

"Basi leo usipande."

"Nimwambie nini msimamizi? Dereva anaogopa kurudi nyuma?"

"Mwambie kama ulivyoniambia."

"Atanitoa."

"Na Kengele leo yuko zamu?"

"Yuko," alisema.

Nikazima pampu, nikaanza kuyatoa maji kwenye beseni. Hatari ile nilikuwa nimekubali kuibeba kwa sababu moja tu.

"Mbona unayatoa? Si hayavuji?"

"Hayavuji. Lakini hayatakulaza."

Jioni alifunga kamba za buti, akazifungua, akazifunga tena. "Nisindikize," alisema. Njia nzima hakutania. Kwenye lango la ghala akaniachia mkono, akaingia ofisi ya msimamizi, nami nikabaki nje ya dirisha la kioo. Sikusikia neno. Niliona midomo yake ikianza, ikikwama, ikianza tena. Foklifti yake ilikuwa uani, taa zimewashwa, inamngoja. Msimamizi akaweka kalamu chini, akamsogezea kiti.

Mume wangu hakukaa, lakini aliendelea kusema.