Mke Wangu Akishika Kifungo

Nilipokuwa nagonga bodi za magari, nyundo yangu iliwaamsha maiti wa makaburi ya jirani, wakaja kulalamika kwa meneja. Sasa wao wamelala, na mimi ndiye nisiyesikia. Sikio la kushoto lilitangulia, la kulia likalisindikiza.

Sikuhangaika sana. Gereji kwetu hakuna aliyekuwa anamsikia mwenzake, tulisomana midomo tu. Mke wangu alikuwa anachanganya rangi palepale, nikamchumbia katikati ya makelele bila kupaza sauti. Kwa hiyo nyumbani nilikuwa namtazama mdomoni, maisha yanaendelea.

Shida ni kwamba naye akaanza kusahau. Masikio anayo, ya popo kabisa, lakini kinachoingia hakikai. Tukagawana kazi: yeye asikie, mimi nikumbuke. Mlango ukigongwa, ananigusa bega. Dawa zake za presha nampa mimi, halafu nakaa naye mpaka ameze, maana nisipokuwepo humeza mara mbili au asimeze kabisa.

Watoto wetu hatukuwaambia. Binti yetu mwalimu na kaka yake muuza vipuri walishapanga: atakayeanza kuchanganyikiwa kati yetu wawili atahamia kwa kaka, mji mwingine, mwenzake abaki na nyumba. Sisi tukajitia hamnazo. Jumapili wakija, mke wangu ananirudishia maswali yao taratibu, kama anayetania: "Mzee, unaulizwa goti." Nami najibu. Akiulizwa yeye jambo lililomtoka, anashika kifungo cha juu cha blauzi. Hapo naingia na chuku.

"Hivi niliwasimulia siku niliyonyoosha mlango wa lori kwa paji la uso?"

"Baba, nimemuuliza mama jana mlikula nini!"

"Si ndiyo nafika huko!"

Chuku zilipozidi, wakaona kichwa changu kimelegea. Wakanipeleka hospitali. Mke wangu akaambiwa angoje nje kwenye benchi.

Daktari alikuwa amevaa barakoa. Kitambaa hakisomeki, jamani. Nikaona nyusi zimepanda, nikajua nimeulizwa kitu. Nikajibu, "Nzuri tu, sijui wewe." Zikapanda tena. Nikampa la lori. Akaandika. Kijana wangu akawa anatazama viatu vyake.

"Daktari, sisikii," nikasema. "Shusha hicho kitambaa."

Binti akatikisa kichwa, nikamsoma midomo: "Anasikia vizuri tu, daktari. Kila Jumapili tunaongea naye."

Basi ujanja wetu ukawa umetugeuka.

Tulipotoka, daktari akashusha barakoa kumsalimia mke wangu. Akajibiwa kwa adabu zote, akaulizwa habari za watoto wake, akasifiwa shati. Hakuna anayehitaji kumbukumbu kwa hayo. "Mama yuko imara," daktari akasema, akaenda zake.

Jioni begi langu likafungwa. Nikaona sasa basi, nikamwaga yote mezani.

"Mama yenu anasahau. Hawezi kukaa peke yake. Dawa nampa mimi."

Kijana akacheka huku macho yamemlowa. "Baba bwana! Sasa umemgeukia mama?"

Binti akamwelekea mama yake. "Mama, eti ni kweli? Leo dawa umekunywa?"

Akashika kifungo. Akanitazama, akingoja niingie. Sikuingia. Nilitaka waone wenyewe. Akanitazama tena, muda mrefu, kama mtu aliyeachwa stendi na basi lake.

Kisha akatabasamu. "Mnamjua baba yenu na utani wake."

Nikapakiwa garini.

Kwa kijana wangu nalala vizuri, nakula vizuri, na ninazungumziwa juu ya kichwa kama kabati. Nikiuliza habari za nyumbani, wananiandikia kwenye simu: mama mzima, anacheka tu. Kumpigia siwezi. Nitasikia nini?

Safari hii wamenileta kumwona. Nimemkuta blauzi inamning'inia mabegani kama iliyoanikwa. Yeye na watoto wakakaa sebuleni, mimi nikaingia jikoni. Chini ya sinki nikakuta sufuria zilizoungua, zimefungwa kwa magazeti, moja ndani ya nyingine, na mikate iliyoota ukungu. Vidonge vilikuwa ndani ya kopo la sukari.

Nikifungua mdomo, kwao ni chuku tu. Nilizibeba sufuria zote mpaka sebuleni, nikazipanga miguuni kwa binti yangu.

Akazitazama. Akaitazama mikono yangu, myeusi kwa masizi.

"Baba! Umeunguza nini huko jikoni?"

Kijana akaruka kwenda kuangalia jiko.

Mke wangu akainuka na kitambaa, akaanza kunifuta vidole kimoja kimoja, uso wake umenielekea, kwa hiyo nilisoma kila neno.

"Msimgombeze," akawaambia wanawe. "Siku hizi anasahau."