Harufu Kutoka Jikoni

Sanduku la Eirin lilikuwa wazi sakafuni tangu Jumatatu, na kila alipolipita alitoa kitu au aliongeza kitu. Asubuhi alitoa soksi za sufu. Mchana akazirudisha. Soksi zenyewe zingetosha kuvisha shule nzima, maana akina mama wa umoja wa misheni, wakiongozwa na bibi yake Eldbjørg, walisikia kwamba Mongolia, anakotumwa, kuna baridi, wakashika sindano za kufuma kana kwamba wao, watu wa pwani ya Norwei, hawajawahi kuona theluji.

"Utalichosha hilo sanduku kabla halijapanda ndege," mama yake alimtania kutoka mlangoni.

"Nahakikisha tu, Mama."

"Hata jana ulihakikisha. Mkono vipi, bado unauma?"

"Sindano ya chanjo ya juzi ndiyo inauma. Nyingine zimepoa."

Akavaa koti, akatoka. Nyumbani hapakaliki, na nje nako si kwema. Dukani mama anayepokea pesa alimshika mkono, akamwambia wanamwombea kila jioni. Akakimbilia kwa rafiki yake Gyda, ambaye hakuwa mtu wa sala sana, akidhani huko atapumua. Gyda akamtuma maziwa kwenye jokofu. Mlangoni mwa jokofu, katikati ya tangazo la daktari wa meno na mchoro wa mtoto, Eirin alikutana na Eirin, kabandikwa kwa sumaku, anacheka meno yote. Umoja wa misheni ulikuwa umegawa picha zake kisiwa kizima ili watu wasimsahau katika maombi.

"Huyo wa pichani ana furaha kukuzidi," Gyda akasema. "Una nini wewe?"

"Sina kitu."

"Mwongo mkubwa. Na leo jioni unasimama kuhubiri!"

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Jioni ile ilikuwa ya kumuaga, na anayeagwa sharti asimame mbele ya watu aeleze jinsi alivyoitwa na Mungu. Eirin hakuwa na cha kueleza. Wito hakuusikia. Alichokisikia ni harufu.

Mambo yalikuwa hivi. Wakati wa baridi alikuja mhubiri kutoka mjini, nyumba ya sala ikajaa hadi dirishani. Jikoni kulikuwa kunaokwa vafla, ile mikate laini yenye umbo la moyo inayoiva katikati ya vyuma viwili vya moto, ambayo bila hiyo hakuna ibada iliyowahi kuisha salama kisiwani pale. Mwisho wa mahubiri mhubiri akafumba macho, akasema kama kuna mtu ambaye Bwana anamwita kwenda mbali, basi asimame. Hapo ndipo pagumu. Kwa watu wale, anayesimama wakati huo haulizwi neno wala hasemi neno. Amesimama, amekwisha kusema.

Kimya kikatanda. Na ndani ya kimya kile Eirin akanusa vafla zinaungua. Akangoja mtu wa zamu aende. Hakwenda mtu. Harufu ikageuka moshi, na nyumba yenyewe ni ya mbao tupu. Akasimama akazime.

Hakupiga hata hatua. Mhubiri alifumbua macho, akamwona, akaja mikono wazi. Wimbo ukaanza, watu wote wakasimama, na sasa mtu akaenda kuzima chuma. Bibi Eldbjørg, aliyeomba miaka nenda miaka rudi ili nyumba yake itoe mmoja wa kwenda misheni, akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili huku machozi yanamtiririka. Nani angemwambia bibi wa namna hiyo habari za vafla? Eirin alijisemea atafafanua baada ya kahawa. Kahawa ilipokwisha, walishamchagulia nchi.

Yakafuata masomo na sindano. Jambo la ajabu ni kwamba lugha ilimwingia. Kazini, kwenye kiwanda cha samaki, alikuwa akipanga salmoni kwenye barafu huku anawasalimu Kimongolia. Lakini hilo nalo lilimtesa, kwa sababu hakujua tena kipi chake na kipi cha wale wenye picha kwenye majokofu.

Jioni watu walikaa wakabanana. Mzee Torleiv, nahodha mstaafu wa kivuko na mwenyekiti wa umoja, akampisha mbele.

"Haya binti, tuambie ulivyoitwa."

Eirin alimtazama bibi yake benchi la kwanza, ameshika jozi nyingine ya soksi. Akaona akiumeza ukweli leo, ataumeza maisha yake yote.

"Sikuitwa," akasema. "Ile siku vafla zilikuwa zinaungua. Nilisimama niende kuzima chuma. Basi. Nimewadanganya wote, na bibi yangu kuliko wote."

Kisha Mzee Torleiv akakuna kidevu.

"Hata mimi nilinusa," akasema.

"Mimi nilikuwa mlangoni kabisa mwa jiko!" baba yake Gyda akadakia. "Nikajisemea, wewe, inuka sasa hivi uone kama hujaamkia nchi ya mbali."

Kicheko kikalipuka, na wengine wakainua mikono kukiri kwamba nao walinusa. Mama mmoja akasema alishikilia benchi mpaka vidole vikafa ganzi. Walicheka vizuri, kama watu waliotuliwa mzigo. Eirin hakucheka. Hasira ilimpanda hadi masikioni.

"Kwa hiyo mlinusa wote," akasema. "Mngeiacha nyumba iungue?"

Kicheko kikakatika.

Bibi Eldbjørg akainuka taratibu, akijishika kwenye benchi.

"Zamu ya jikoni ilikuwa yangu," akasema. "Nilinusa kabla yako, mjukuu wangu. Nikiwa na umri wako niliulizwa swali hilo hilo humu humu, na wito niliusikia, nikang'ang'ania kiti. Siku ile nikang'ang'ania tena. Uliposimama nilijua unakwenda jikoni. Nililia kwa furaha hivyo hivyo. Nisamehe. Keti, mwanangu. Sanduku tutalipangua pamoja."

Keti. Neno hilo Eirin alilitamani miezi yote ile, na kiti kilikuwa nyuma yake, hata kupapasa hakuhitaji. Mama yake alishaanza kumsogezea. Jikoni hakukuwa na chochote motoni, kwa kuwa jioni ile akina mama walileta keki za baridi. Aliwatazama wote wale waliokaa, kisha akamtazama bibi yake, mzee peke yake aliyesimama, bado kajishika kwenye benchi.

"Keti basi," bibi akarudia kwa upole.

"Keti wewe, Bibi," Eirin akasema. "Mimi niache nimesimama kwanza."

Na hakuketi.