Tangi na Shamba Ni Ndugu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa ndani ya tangi la maji la shule, nimevaa suti na tai, nasahihisha mtihani wa hisabati wa kidato cha pili. Hilo halikunishangaza. Kilichoniudhi ni kwamba darasa zima limeacha wazi swali la shamba.

"Vichwa maji," nikasema. "Wiki nzima nimewafundisha mabomba mawili yanayojaza tangi!"

"Na shamba uliwafundisha lini?" likauliza bomba la kushoto.

"Shamba ni sura nyingine kabisa. Shamba na tangi hayajuani."

Mabomba yakafunguka. "Peke yangu hujaza tangi kwa saa tatu," likasema la kushoto.

"Mimi kwa saa sita," likasema la kulia. "Tukishirikiana?"

"Saa mbili!" nikajibu kwa madaha. Mwalimu mzima!

Papo hapo tangi linageuka shamba. Mimi sasa ni gugu, nimeota mwishoni mwa tuta, tai ingali shingoni. Mzee Ngonyani na mkewe, wakulima wa lile swali, wanakuja wakilima.

"Peke yangu hulimaliza kwa siku tatu," anasema mama, jembe juu.

"Mimi kwa sita," anasema mzee. "Pamoja je? Jibu kabla hatujakufikia."

"Samahani, wazee wangu. Kanuni yangu ni ya maji."

Shukrani Komba, mwanafunzi wangu, amesimama kando ya shamba. "Shikamoo, mwalimu. Hata sisi tulisema hivyo hivyo. Ukatuita vichwa maji."

Jembe linapiga udongo karibu na shina langu. Natetemeka mpaka majani. Ndipo, kwa woga wala si kwa akili, naliweka tangi kando ya shamba na kujiuliza kinachofanana. Bomba ni mkulima. Saa ni siku. Kila mmoja ana kasi yake, na kasi zinajumlishwa.

"Siku mbili!" napiga kelele.

Bomba linatokea ardhini, linakumbatiana na jembe. "Baba mmoja, mama mmoja," linaniambia. "Tofauti ni nguo tu. Kesho tuweke ubaoni pamoja, uwaulize watoto tunafanana wapi."

"Muhtasari wa somo hauruhusu," nasema.

Mama Ngonyani anainua jembe tena.

Nikaamka nikipiga yowe. Mke wangu, Tekla, alikuwa ameshaamka, anakung'uta udongo kwenye shuka.

"Baba Devota, miguu yako imefanya nini?"

Nikatazama. Kwenye kidole gumba palining'inia mzizi mbichi, mweupe. Nikauvuta.

Ukauma.