Sapatu za Skelbeck

Jumamosi ile ya Februari uwanja wa Skelbeck uliganda ukawa kama sahani, na Zillah Ormerod alijua kabla ya mtu mwingine yeyote. Kila asubuhi alikatiza uwanjani akienda kiwandani, na mwanamke wa miaka sitini na moja huijua ardhi inayotaka kumvunja nyonga.

Hakuanguka. Wanawake wa Skelbeck hawaanguki. Barafu ikishuka huchukua mabaki ya sufu nene iliyoshindiliwa, ile ile wanayoshonea sapatu, viatu laini vya kuvaa nyumbani, kule kiwandani, wakayavalisha juu ya viatu vyao vya mbao, na hapo hutembea kama paka juu ya zulia. Wanaume hawavai. Wanaume wa Skelbeck huanguka chali, kofia huko, heshima huku, kisha huinuka na kulaumu manispaa.

"Leo tutakufa," alisema Keziah, jirani yake wa meza ya kushonea, bila kuinua macho kwenye sindano.

"Tutakufa kesho," alisema Zillah. "Leo tuna mechi."

Mechi yenyewe ilikuwa dhidi ya Wexholme. Timu hizo mbili ndizo zilizokuwa mkiani mwa ligi, na atakayefungwa alikuwa anatoka. Bwana Septimus Holroyd, mwenye kiwanda, mwenye uwanja na mwenyekiti wa timu, alikwishatangaza kwamba Skelbeck ikitoka ligi, uwanjani atajenga bohari. Zillah hakuwa na haja na bohari. Kwa miaka kumi na minne alisimama nyuma ya goli la upande wa kiwanda, mahali pekee duniani ambapo mjane anayekaa siku sita na uzi mdomoni aliweza kufungua kinywa na kumtukana amtakaye, Bwana Holroyd akiwemo, na Jumatatu akakuta kazi yake ipo. Akinyang'anywa mahali pale, maneno yote yale angeyapeleka wapi? Kanisani?

Kitu kingine kilichomkera ni jina. Kila timu ya kaskazini ilikuwa na jina la utani, na hakuna iliyojichagulia. Jina la utani ni kama mafua, unaambukizwa na jirani. Waliotengeneza kofia waliitwa Kofia, waliochinja nguruwe waliitwa jambo nisiloliandika. Lakini Bwana Holroyd aliketi na mkewe mezani, wakala bata, wakaamua timu iitwe Simba. Shemeji yake akachora bendera. Simba mwenyewe alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Miaka mitatu ilipita, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kupiga kelele "Simba!" bila kucheka katikati.

Nahodha wa timu alikuwa Jabez Pilling, mpwa wake Zillah, mkata sufu kiwandani. Kijana mzuri, mabega kama mlango, kichwa nacho kama mlango. Alhamisi, akiwaza mechi, alitia kisu kisicho sahihi kwenye mashine: kile cha kukatia sapatu kubwa la maonyesho, linaloning'inizwa juu ya mlango wa duka. Akakata, akakata, hakuangalia. Vipande vilipofika meza ya wanawake, kila kimoja kilikuwa kikubwa kama mkate. Kazi ya wanawake wale ni kushona wanacholetewa, na hawakutaka kuonekana wajuaji. Walishona jozi kumi na nane kabla hawajamaliza kucheka. Kisha wakamwonea huruma Jabez, wakazificha zote nyuma ya magunia, Bwana Holroyd asije akaziona akamfukuza.

Saa nane na nusu mpira ulianza. Watu elfu nne, pumzi zao zikitoa moshi kama ng'ombe. Wachezaji wa Skelbeck walianguka kushoto, wakaanguka kulia, na Jabez alianguka kwa namna ambayo daktari mmoja jukwaani alisimama kutazama vizuri. Wexholme nao waliteleza, ila wao waliteleza kuelekea golini. Dakika ya ishirini, moja bila. Dakika ya arobaini, mbili.

"Refa, mtoe huyo wa Wexholme!" alipiga kelele Zillah. "Jabez! Simama! Mama yako alikuzaa na miguu miwili, nilikuwepo!"

Filimbi ya mapumziko ilipolia, alimvuta Keziah mkono. "Twende."

"Wapi?"

"Nyuma ya magunia."

Chumba cha wachezaji kilikuwa banda la mbao lenye jiko moja. Zillah hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa kiuno, gunia begani, Keziah nyuma yake na gunia la pili.

"Shangazi!" Jabez alirukia taulo. "Tumevua!"

"Nimekuogesha mpaka ulipofika miaka sita. Hujaongeza kitu cha kunishangaza. Vaa hizi, juu ya viatu."

Akamwaga gunia. Sapatu za kijivu zikajaa sakafuni kama kondoo waliolala.

"Sapatu," alisema Jabez. "Mimi. Mbele ya watu elfu nne."

"Umeanguka mbele ya hao hao elfu nne mara kumi na moja. Nimehesabu. Unaogopa wataona nini tena?"

"Watatucheka, shangazi."

"Wameshacheka. Sasa hivi wako kwenye pai."

Hapo ndipo Bwana Holroyd alipoingia, fimbo mkononi, uso umemwiva kwa hasira na baridi. Akatazama sakafu. Jabez akawa mweupe kuliko uwanja.

"Hizi ni nini? Nani ameshona mazimwi haya kwa sufu yangu?"

"Oda maalumu, bwana," alisema Zillah, bila kupepesa. "Ya leo."

"Upuuzi! Hawa ni Simba, mama. Simba hawavai sapatu!"

Zillah alimtazama kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba. "Bwana Holroyd, umewahi kumwona simba mwenye kwato? Simba ana nyayo laini, ndiyo maana hatelezi. Sisi tumewavalisha tu miguu waliyokosa."

Bwana Holroyd alitazama kidirishani, akaiona huko nje bendera yake iliyoganda kama ubao. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko kawaida, "Zifungeni kwa utepe, zisichomoke."

Walipotoka, refa aliwasimamisha mstarini kama desturi, akapitisha kiganja chini ya kila kiatu akitafuta misumari. Akapitisha, akakunja uso, akapitisha tena. Nahodha wa Wexholme alikuja mbio, akiteleza.

"Refa, hiyo si halali!"

"Sheria inakataza misumari iliyochomoza," alisema refa. "Kuhusu starehe haisemi neno."

Ndipo mashabiki wa Wexholme walipoona. Kelele iliyozuka haijawahi kusikika bonde lile. "Sapatu! Sapatu! Nendeni mkalale!" "Nani kasahau kuwapa maziwa ya moto?" "Sa-pa-tu! Sa-pa-tu!" Watu wa Skelbeck walivuta kofia zao machoni. Wengine walianza kutazama lango la kutokea. Jabez alisimama katikati ya uwanja, masikio yakiwaka, na Zillah aliona mguu wake ukitaka kufungua utepe.

"Cheza, mtoto we!" alinong'ona, yeye ambaye hakuwahi kunong'ona pale.

Mpira ukarudi uwanjani. Jabez akakimbia. Wexholme mmoja akamfuata. Jabez akasimama ghafla, tuli, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, na yule mwingine akaendelea, akapita, akaendelea tena, akaishia kwenye meza ya muuza pai. Jabez akageuka taratibu, akatoa pasi, mwenzake akafunga. Mbili kwa moja.

Uwanja ulinyamaza kwa nafasi ya nusu pumzi. Na katika nusu hiyo, nyuma ya goli, sauti moja ya mwanamke ilipaa, nyembamba, chafu, yenye miaka kumi na minne ya mazoezi:

"SAPATU!"

Keziah akaidaka. Kisha meza nzima ya kushona. Kisha wakata sufu, wapaka gundi, wachoma pai, watu elfu tatu wenye haya wakagundua kwamba neno lile likitoka kwenye mdomo wako mwenyewe halichomi. "SA-PA-TU! SA-PA-TU!" Wexholme wakajaribu kulirudisha kama tusi, lakini lilikuwa limekwisha badilisha kambi. Wanawake walivua sufu za miguuni, wakazipunga hewani, wakasimama kwenye barafu na mbao tupu bila kujali nyonga.

Dakika ya sabini, mbili mbili. Dakika ya themanini na nane mpira ulimfikia Jabez mbele ya goli. Golikipa alitoka kumzuia, akashindwa kusimama, akampita kwa heshima zote huku akiwa amekaa. Goli lilikuwa wazi kama mlango wa baa. Jabez hakuharakisha. Aliusukuma kwa ncha ya sapatu, polepole, ili kila mtu aone vizuri.

Tatu kwa mbili. Walimbeba Jabez, walimbeba refa kwa makosa, na Bwana Holroyd alionekana akimkumbatia mmoja wa wapaka gundi.

Jumatatu gazeti la bonde liliandika: SAPATU WABAKI LIGI. Jina la Simba halikutajwa popote. Bwana Holroyd alisoma mara mbili, akamtuma mtu akateremshe bendera, akamwagiza shemeji yake achore nyingine, safari hii kitu ambacho amewahi kukiona kwa macho.

Jumatano barua ilifika kutoka Wexholme. Walibakiwa na mechi ya kombe, uwanja wao ulikuwa bado umeganda, na waliomba kwa unyenyekevu wauziwe sapatu jozi kumi na moja. Bwana Holroyd, mfanyabiashara ni mfanyabiashara, aliiweka barua mezani kwa Zillah.

"Wafungie nzuri," alisema.

"Nzuri kabisa, bwana."

Zillah alipanda ghalani. Alipita jozi saba kubwa za kijivu zilizosalia bila kuzitazama. Alichagua kumi na moja za bibi harusi, za hariri ya waridi, zenye kishungi cha manyoya mbele na wayo wa ngozi inayoteleza, iliyosuguliwa mpaka ungeweza kujitazama usoni. Alizilaza sandukuni kwa karatasi nyororo, moja moja, kwa mapenzi. Kisha akachovya kalamu, na juu ya kifuniko, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyesoma shule ya msingi na hakusahau kitu, akaandika: *Salamu kutoka kwa Sapatu.*