Bamba la Kimya

Mhandisi aliahirisha nguzo ya tatu mpaka visingizio vikamwishia. Daraja lile la reli lilijengwa enzi za treni fupi na nyepesi. Hizi za sasa zikifunga breki juu yake, msukumo wote unaishia kwenye nguzo, ndiyo maana kila kiungo juu ya nguzo kilikuwa kikivikwa bamba jipya la chuma. Kilibaki kimoja tu, kile cha nguzo ya tatu, chenye herufi zilizochongwa kwa patasi: KIMYA.

Ndilo jina la utani ambalo mafundi walimpa baba yake, maana mwanamume yule alikuwa hafungi mdomo hata akila. Alianguka hapohapo akibadilisha ribiti, misumari minene inayoshika vyuma, mto ukamchukua, na maiti haijaonekana mpaka leo. Wenzake wakachonga jina alipokuwa amesimama. Mama yake mhandisi hakuwa na kaburi la kupalilia. Alikuwa na chuma kile tu.

"Tutoboe kidirisha kwenye bamba, herufi zionekane," fundi wa kuchomelea alimshauri. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Ufa ungeanzia kwenye tundu hilo, na treni zinabeba watu. Roho ilimuuma, lakini hesabu haina huruma.

Asubuhi alimleta mama yake, akamshika mkono kwenye njia ya mbao ya mafundi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Walipofika, yote yakamtoka kichwani.

"Mama, inabidi tumfunike."

Mama alipapasa herufi kwa kidole, moja baada ya nyingine. "Hamwezi kuacha nafasi kidogo?"

"Bamba litapungua nguvu."

"Baba yako siku ile alikuwa anafanya nini hapa?"

"Si unajua, Mama."

"Nataka kusikia kwako."

"Alikuwa anakaza daraja."

"Haya. Na wewe kaza, mwanangu."

Mafundi wakainua bamba, wakaingiza bolti. Miaka yote watu walimsifu mama yule kwamba ana moyo mgumu, hajawahi kulia mbele ya mtu. Bolti ya mwisho ilipokazwa, aliweka kiganja kwenye chuma kipya, akaangua kilio kilichosikika mpaka ng'ambo ya mto. Fundi mmoja alisogea amnyamazishe.

Mhandisi akamzuia. "Mwache," alisema, naye machozi yakimtiririka. "Leo ndiyo anamzika mumewe."